Louis Braille, mtoto wa mshona seruji aliyewapa vipofu kalamu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kupata humu habari za malenga wetu wa Mombasa, Lamu na Pate, na za wanavyuoni waliotuachia vitabu na nasaha. Leo nawatoa pwani na kuwapeleka mbali, hata Ufaransa, kwa bwana mmoja ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa lugha yetu, wala hakupata kutia mguu katika bara letu la Afrika. Bwana huyo ni Louis Braille. Jina lake limekuwa jina la maandishi yenyewe, nasi kwa Kiswahili tumeyaita maandishi ya breli, au nukta nundu.

Sababu ya kumleta hapa ni hii. Mara kwa mara hujiwa na wazee, baba au mama, wakaniuliza: mtoto wetu haoni, tumpeleke wapi? Wengi huja wakiwa wamekwisha kata shauri kwamba njia ni mbili tu. Ama mtoto atajaliwa sikio zuri na moyo wa kuhifadhi, awe hafidhi wa Kurani. Ama atakaa mlangoni pa msikiti kila Ijumaa akinyoosha mkono. Njia ya kwanza ni tukufu, walakini si kila mtoto huiweza, awe anaona au haoni. Njia ya pili sote twaijua ladha yake. Iko njia ya tatu, na aliyeifungua alikuwa kipofu mwenyewe, kijana wa miaka 15. Hapana shaka mzazi akiijua habari yake, atamtazama mwanawe kwa jicho jingine.

Wala isidhaniwe kwamba sisi Waislamu hatukuwajua vipofu wenye cheo na elimu. Kila aliyepita chuoni anaijua Sura ya Abasa na sababu ya kushuka kwake. Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, akaja kutaka kufunzwa, na Mwenyezi Mungu akamfundisha Mtume wake, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kuja mbio kutafuta elimu hageuziwi uso. Sahaba huyo akawa mwadhini pamoja na Bilali, na zaidi ya mara moja aliachiwa mji wa Madina ausimamie Mtume alipokuwa safarini. Kisha yuko malenga mkubwa wa Sham, Abul Alaa al-Maarri, aliyepofuka kwa ndui akiwa na miaka kama minne, akafa mwaka 1057 hali jina lake limeenea kote. Na as-Safadi, aliyefariki mwaka 1363, aliandika kitabu kizima juu ya vipofu mashuhuri, na humo amemtaja Zainuddin al-Amidi, muuza vitabu wa Baghdad. Bwana huyu alikuwa akipotoa karatasi nyembamba, akiifanya umbo la herufi, na kuigandisha ndani ya jalada ili akipapasa kwa kidole aijue bei ya kitabu.

Basi fikira ya kusoma kwa kidole haikuwa ngeni kwetu. Lakini al-Amidi alijitengenezea yeye mwenyewe na kwa bei tu, na al-Maarri alihitaji mtu wa kumsomea na mtu wa kumwandikia maisha yake yote. Kipofu mwenye elimu alikuwa kama tajiri ambaye ufunguo wa kasha lake uko mkononi mwa mtu mwingine.

MSHARASI WA BABA

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, mwendo wa kilomita kama 40. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi, kazi yake kushona seruji, lijamu na hatamu za farasi. Zama hizo farasi ndiye aliyekuwa motokaa, kwa hivyo fundi huyu hakuwa maskini wa kupindukia. Alikuwa na nyumba yake na kiwanda chake kidogo ubavuni. Louis alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne.

Mwaka 1812, akiwa na miaka mitatu, mtoto aliingia kiwandani mwa baba. Alichukua chombo chenye ncha kali, na wengi husema ni msharasi wa kutobolea ngozi, akaanza kuiga kazi aliyokuwa akiiona kila siku. Chombo kikateleza kikamwingia jichoni. Dawa za siku hizo hazikuwa na nguvu ya kuzuia jicho lisioze. Ugonjwa ukavuka kutoka jicho lililoumia hadi jicho zima, na alipofika miaka mitano dunia yote ilikuwa kiza mbele yake. Hujafa hujaumbika.

Hapa ndipo tunapokuta jambo la kwanza la kuzingatia. Wazazi wa Louis hawakumficha. Baba alimchongea fimbo ya kupapasia njia, wakampa kazi za nyumbani kama wenziwe, na inasimuliwa kwamba baba alipigilia misumari kwenye ubao ikafanya sura za herufi ili mwana azijue kwa vidole. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, akamfunza mwenyewe, kisha akamwombea kwa mwalimu wa skuli, Antoine Bécheret, akubali kumweka darasani pamoja na watoto wanaoona. Mtoto akakaa, akasikiliza, akawapita wengi. Ila wenziwe walipofungua vitabu, yeye alifunga mikono akangoja.

Kwa kusaidiwa na mkubwa wa mji aliyekuwa na jina kwa serikali, baba alipata nafasi ya mwanawe katika skuli ya kifalme ya vijana vipofu mjini Paris. Louis aliingia huko mwezi wa Februari 1819, akiwa na miaka 10 na siku chache.

HERUFI NZITO

Skuli hiyo ilianzishwa na Valentin Haüy, bwana aliyekuwa akiona. Mwaka 1771 aliwaona vipofu kwenye maonyesho ya mjini Paris wamevishwa kofia na mavazi ya kuchekesha, wamepewa ala za muziki na miwani ya uongo, watu wakiwacheka. Jambo hilo lilimchoma. Akaazimia kuwafunza vipofu wasome, na mnamo mwaka 1785 skuli yake, ambayo ni ya kwanza ya namna hiyo duniani, ikawa inaendeshwa mjini Paris. Mwanafunzi wake wa kwanza, François Lesueur, alikuwa kijana mwombaji.

Njia ya Haüy ilikuwa kuchukua herufi zile zile za wanaoona, kuzifanya kubwa, na kuzikandamiza kwenye karatasi nene na mbichi hata zikatokeza juu. Kidole kinapita juu ya herufi moja, kinazunguka pembe zake, kinatambua, kinakwenda kwa ya pili. Mwisho wa mstari msomaji alikuwa pengine amekwisha sahau mwanzo wake. Vitabu vilikuwa vizito na ghali, kwa hivyo vilikuwa vichache mno. Tena kulikuwa na ila kubwa kuliko hiyo: kipofu aliweza kusoma kidogo, lakini hakuweza kuandika. Mwenye kusoma asiyeweza kuandika ni nusu ya msomi.

Nyumba ya skuli yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikuwa jengo kongwe, lenye unyevu na hewa nzito, na wanafunzi wengi waliugua humo. Hapo ndipo Louis alipoishi utoto wake na ujana wake, na wengi huamini kwamba hapo ndipo alipouchukua ugonjwa wa kifua uliokuja kumwondoa.

NUKTA SITA

Mwaka 1821 skuli iliipokea njia mpya kutoka kwa Charles Barbier, aliyekuwa ofisa wa jeshi la mizinga. Barbier alipenda kuvumbua namna za kuandika upesi na kwa siri, na yasimuliwa kwamba moja katika hizo iliwafaa askari wapate kusoma amri usiku bila ya kuwasha taa. Badala ya mistari na pembe za herufi, yeye alitumia nukta zilizotokeza juu ya karatasi. Nukta zilipangwa safu mbili, na kila safu yaweza kuwa na nukta hata sita.

Wanafunzi walifurahi mno, maana kidole huitambua nukta upesi kuliko mstari. Lakini Louis, akiwa bado mtoto wa miaka 12, aliziona kasoro. Nukta hata 12 ni nyingi. Kidole hakiwezi kuzifunika kwa mara moja, lazima kipande na kushuka. Tena njia ya Barbier iliandika sauti tu, haikuandika imla sahihi ya maneno, wala haikuwa na alama za kutua wala za muziki. Kwa ufupi, ilikuwa njia ya kupelekeana habari, haikuwa ya kuandikia elimu.

Miaka mitatu Louis alishughulika. Usiku wenziwe walipolala, na likizo alipokuwa Coupvray, alishika kibao na chuma chenye ncha akatoboa karatasi. Alipofika miaka 15, mwaka 1824, kazi ilikuwa imesimama. Alikata nukta kutoka 12 hata sita: tatu kulia, tatu kushoto, kama punje za dado. Sita hizo huenea chini ya ncha ya kidole kimoja, nacho hakina haja ya kupanda wala kushuka. Na kwa kuzipanga nukta sita namna mbalimbali, hupatikana alama 63, nazo zatosha herufi, tarakimu, alama za kutua, na hata muziki.

Msomaji anayependa hesabu ataufurahia mpango wake. Herufi 10 za mwanzo zimetengenezwa kwa nukta nne za juu peke yake. Herufi 10 zinazofuata ni zile zile za mwanzo, ila imeongezwa nukta moja chini upande wa kushoto. Zinazobaki zimeongezwa nukta mbili za chini. Basi anayezijua 10 za kwanza amekwisha shika mlango wa zote.

Na kuandika? Karatasi hubanwa katika kibao chenye vidirisha, na mwandishi hutoboa nukta kwa chuma kutoka nyuma ya karatasi. Kwa kuwa nukta hutokeza upande wa pili, huanza kulia akaenda kushoto, na akimaliza hugeuza karatasi akasoma kushoto kwenda kulia. Mkono wake huandika kama mwandishi wa Kiarabu, na kidole chake husoma kama msomaji wa Kizungu. Nami kila nikikitazama chuma hicho kidogo chenye ncha na kishikio cha mti, huona kwamba hakina tofauti kubwa na msharasi. Chombo kilichomtoa mtoto jicho kilirudi mkononi mwake kikawa kalamu.

Kitabu chake cha kueleza njia hiyo kilitolewa mwaka 1829, na humo hakuficha kwamba asili ya fikira ilitoka kwa Barbier. Mwaka 1837 kilitoka tena kikiwa kimesahihishwa. Mwaka huo huo skuli ikapiga chapa kitabu cha historia ya Ufaransa kwa nukta hizo, mijalada mitatu.

MWALIMU NA MPIGA KINANDA

Louis hakuondoka skulini. Alifanywa msaidizi wa walimu, kisha mwaka 1833 akawa mwalimu kamili, akifundisha masomo mbalimbali pamoja na muziki. Alikuwa mpiga kinanda hodari, na kwa miaka kadhaa tangu mwaka 1834 alipiga katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs mjini Paris. Wote waliomjua wameandika kwamba alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na mkono wake haukuwa wa birika.

Jambo jingine lilimshughulisha. Alijua kwamba nukta zake zitawaunganisha vipofu wao kwa wao, lakini mama yake Coupvray hataweza kuisoma barua yake. Kwa hivyo mwaka 1839 akatoa njia ya pili, ya kuandika kwa nukta nyingi zinazofanya sura ya herufi za kawaida, ili kipofu aandike na mwenye macho asome. Kipofu mwenziwe, Pierre Foucault, akatengeneza mashini ya kufanya kazi hiyo. Miongo mingi kabla ya taipureta kuenea maofisini, vipofu wawili walikuwa wamekwisha jitengenezea yao.

VITABU VYACHOMWA

Hapa pana kiini cha habari yangu ya leo. Mtu angedhani njia nzuri namna hii ingepokelewa kwa vigelegele. Haikuwa hivyo. Wanafunzi waliipenda tangu siku ya kwanza, na mkuu wa skuli, Pignier, aliiacha itumike. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, mahali pake akashika Pierre-Armand Dufau. Huyu mpya hakuitaka. Hoja yake ilikuwa kwamba maandishi ambayo mwenye macho hawezi kuyasoma yatawatenga vipofu na watu. Akaleta herufi nyingine za kutokeza, zenye sura ya herufi za kawaida, na nukta akazipiga marufuku. Yasimuliwa kwamba hata vitabu vilivyokuwapo vilichomwa moto, na vibao na vyuma vya kuandikia vikakusanywa.

Nisimtukane Dufau. Hoja yake ina sura ya huruma, na hata leo utaisikia kwa watu wema kabisa. Lakini tazama alivyohukumu. Aliyapima maandishi ya vipofu kwa jicho lake yeye. Yalimwia mabaya kwa kuwa yeye hakuweza kuyasoma. Wale ambao maandishi ni yao, ambao kidole chao kilikuwa kimekwisha onja tofauti, hawakuulizwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Vijana hawakukubali. Walijitafutia vitu vyenye ncha, wakaandikiana kwa siri, wakubwa wakawafundisha wadogo. Naibu wa Dufau, Joseph Guadet, aliyaona hayo, naye kwa kuwa alikuwa mwenye insafu, badala ya kuwapeleka kwa mkuu aliwasikiliza. Ndiye aliyemwonyesha mkuu wake kwamba skuli ya vipofu haiwezi kupigana na vidole vya vipofu.

Wakati huo skuli ilikuwa yahama. Malenga mashuhuri Lamartine, aliyekuwa mbunge, alisimama bungeni mwaka 1838 akalilaani lile jengo bovu, na jengo jipya likajengwa. Lilifunguliwa rasmi tarehe 22 Februari 1844. Mbele ya wageni Guadet akaeleza habari ya nukta sita na mvumbuzi wake, na wanafunzi wakaonyesha jinsi wanavyoandika na kusoma. Louis mwenyewe alikuwepo ukumbini. Marufuku ikaisha.

Alikuwa na miaka 35, lakini afya ilikuwa imekwisha mpa mgongo. Dalili za kifua kikuu zilianza kiasi cha mwaka 1835. Alifundisha akipata nafuu, akapumzika akizidiwa. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa kijijini kwao. Magazeti ya Paris hayakumtaja. Yasimuliwa kwamba aliacha sanduku dogo akausia lichomwe bila ya kufunguliwa. Lilipofunguliwa zikaonekana hati za fedha alizowakopesha watu, naye hakutaka wadaiwe.

BAADA YAKE

Mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake, Ufaransa iliyakubali maandishi yake rasmi. Uingereza ilikuwa na namna nyingi za herufi za kutokeza, karibu kila moja ikiwa imebuniwa na mwenye macho. Mwaka 1868 daktari mmoja aliyepofuka, Thomas Armitage, aliunda chama, na kamati yake ikawa na sharti: wanaohukumu wawe vipofu wanaosoma kwa vidole. Kamati hiyo ilichagua nukta za Louis. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa mjini Paris ukazipitisha. Marekani ilibishana kwa miaka mingi zaidi, hata mwaka 1932 ndipo wasemao Kiingereza wa pande zote mbili za bahari walipoafikiana. Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kifo chake, mabaki yake yalihamishwa kwenda Panthéon, mahali Wafaransa wanapozika wakubwa wao. Lakini kijiji cha Coupvray kilibakisha mikono yake.

Na sisi Waislamu? Palikuwa na namna mbalimbali za kuandika Kiarabu kwa nukta, na kila nchi ilishika yake. Mwaka 1949 UNESCO ilianza kazi ya kuzipatanisha lugha za dunia katika breli, na katika mkutano wa Beirut mwaka 1951 Kiarabu kikapata utaratibu mmoja. Jambo la ajabu kwa mwenye kusoma chuoni ni kwamba Kiarabu cha nukta husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila irabu hukaa mahali pake pekee, baada ya herufi yake, badala ya kupanda juu au kushuka chini. Leo misahafu ya nukta inapigwa chapa, nayo hutoka mijalada kadhaa mikubwa kwa kuwa karatasi ni nene.

Nilisoma chuoni pamoja na kijana asiyeona. Alikuwa akishika sura kwa kusikia mara mbili, sisi wenye ubao na wino tukihangaika. Lakini alipopitiwa na neno usiku, ilimbidi angoje asubuhi aulize. Hakuwa na pa kurejea. Leo namfikiria kila nikiwasikia watu wakisema kwamba hafidhi kipofu hahitaji mushafu. Kwani sisi tunaohifadhi na kuona tumeitupa misahafu yetu?

TUWAPELEKE WAPI?

Sasa nirudi kwa mzazi aliyeniuliza. Hapa Kenya kazi hii si mpya. Skuli ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Chama cha Vipofu cha Kenya kiliundwa kwa sheria mwaka 1956. Zimefuata skuli za Kibos kule Kisumu, St. Oda pale Aluor, St. Lucy pale Igoji, na kwetu sisi iko ya Likoni, hapo ng'ambo ya feri tu. Tangu mwaka 1984 serikali ilianza kuweka vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji ya namna hii na kuwashauri wazazi skuli inayowafaa. Ofisi za elimu za kaunti zaweza kumwelekeza mzazi kilipo kituo cha karibu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: mtoto apimwe mapema, kwani wako wanaodhaniwa vipofu kumbe wanaona kidogo, na miwani au maandishi makubwa yangewatosha.

Katiba ya mwaka 2010 imeitaja breli kwa jina, ikaipa serikali wajibu wa kuikuza. Mwaka 2013 mataifa yalipatana huko Marrakesh kwamba sheria za haki za waandishi zisiwe kizuizi cha kuwageuzia vipofu vitabu katika maandishi wanayoweza kuyasoma, na Kenya ikaingia katika mkataba huo mwaka 2017. Mashini ya kuandikia nukta, ile ya Perkins iliyotoka mwaka 1951, ingali inagonga madarasani, na sasa viko vyombo vinavyoinua na kushusha nukta kwa umeme, vikachukua maktaba nzima katika kifaa kidogo.

Wako watakaosema kwamba simu siku hizi husoma yenyewe kwa sauti, basi nukta za nini? Simu ni neema, na vipofu wengi wanaitumia vizuri. Lakini mwenye kusikia tu hajui neno limeandikwaje, wala hawezi kukagua hesabu ya mkopo wake, wala kurudi juu mstari mmoja na kuutafakari kimya kimya. Mwenye macho hakubali kusomewa barua zake zote. Kwa nini asiyeona akubali?

Sadaka ni ibada, na anayempa kipofu shilingi msikitini amepata thawabu zake kwa Mola. Lakini shilingi huliwa siku hiyo hiyo. Jamaa wa msikiti mmoja wakichanga, waweza kununua kibao na chuma cha kuandikia, au kumlipia mtoto nauli ya kwenda skuli, au kuweka msikitini mushafu wa nukta kama walivyoweka misahafu ya wino. Na mwalimu wa chuo akizijua zile alama 10 za mwanzo, amekwisha fungua mlango, kwa kuwa zilizosalia zimejengwa juu yake.

Louis Braille hakuwa na mali wala cheo. Alikuwa na baba aliyemchongea fimbo badala ya kumficha, padri aliyemwombea nafasi, na mwalimu mmoja aliyekubali kumkalisha darasani. Mengine aliyafanya mwenyewe. Watoto wa akili kama yake hawazaliwi Coupvray peke yake. Wamo Kisauni, wamo Malindi, wamo Faza. Yamkini mmoja wao yuko nyumba ya pili na yako, naye anangoja mtu wa kumshika mkono hata mlango wa skuli.